Uhai wa Pili wa Gari: Historia ya Hukumu ya Fundi Afrika Mashariki

Swali la kama gari kuukuu, lililokwisha kutembea kilomita nyingi, lastahili kutengenezwa au liachwe, huonekana kuwa la hesabu tupu: gharama ya matengenezo huwekwa upande mmoja, bei ya gari jingine upande wa pili, na mwenye gari huchagua iliyo nafuu. Hesabu hiyo ina mantiki mahali ambapo gari jingine linapatikana kwa mwenye fedha, spea zina bei inayojulikana, na saa ya kazi ya fundi ni ghali. Katika Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, angalau sharti moja kati ya hayo halikutimia, na zilikuwapo nyakati ambapo yote matatu yalikosekana kwa pamoja. Ndiyo maana mpaka kati ya gari linalotengenezeka na gari lililokufa ulichorwa zaidi na mafundi kuliko viwanda vilivyoliunda au kampuni za bima, nao mafundi waliusogeza mbele kila walipojifunza kurudisha kazini kifaa ambacho hapo awali kilihesabiwa kuwa cha kutupwa. Mpaka huo una historia yake, na mtu asiyeijua atayaona magari makuukuu ya barabara za ukanda huu kuwa ushahidi wa umaskini tu, ilhali ni ushahidi wa maarifa pia.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari yalikuwa ya serikali za kikoloni, walowezi, misheni na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Yaliuzwa na mawakala wa viwanda vya Ulaya na Marekani, kama vile Motor Mart ya Nairobi, na kanuni iliyoongoza maisha ya gari katika idara za serikali na makampuni ilikuwa ya vitabu vya hesabu: kila mwaka thamani ya gari ilipunguzwa kwa kiasi fulani kinachoitwa uchakavu, hadi lilipobaki na thamani ndogo kiasi cha kupelekwa mnadani. Kwa mtunza hesabu gari hilo lilikuwa limekwisha, ila kwa mnunuzi wa mnadani ndipo maisha yake yalipoanza upya. Warsha zilizolipokea zilikuwa mara nyingi za mafundi wa Kihindi, hasa Masingasinga, ambao Waswahili waliwaita Makalasinga, na baadhi yao walitokana na mafundi walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901 na kisha kuajiriwa katika karakana zake. Katika warsha hizo vijana wa Kiafrika waliingia kama wafagiaji, waosha vyuma na wabeba zana, wakajifunza kwa macho kazi ambayo hawakuruhusiwa kuisomea darasani. Kazi hiyo ya kijana anayempa fundi spana huku akijifunza ilikuja kujulikana Tanzania kwa jina la spana boi, na imebaki kuwa mlango mkuu wa kuingilia ufundi wa magari hadi leo.

Vita vilipanua mlango huo. Jeshi lilihitaji madereva na makanika kwa maelfu ya malori yaliyotumika katika vita vya Uhabeshi na baadaye Burma, na askari waliorudi makwao kuanzia mwaka 1945 walikuwa wamezoea kufungua injini porini, mbali na ghala lolote la spea. Muda mfupi baadaye Tanganyika ilishuhudia jaribio kubwa, na lililoshindwa vibaya, la kuamua kama mitambo iliyochakaa ina thamani ya kutengenezwa. Mradi wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947 huko Kongwa, na kuenea Urambo na Nachingwea, ulitegemea kwa kiasi kikubwa matrekta yaliyotumika vitani, mengine yakiwa yamenunuliwa kutoka katika mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Mitambo hiyo ilinunuliwa bila kupimwa ipasavyo, ikafika katika ardhi ngumu yenye mizizi ya vichaka isiyokatika, ikaharibika kwa kasi ambayo karakana ya Kongwa haikuweza kuifuata. Mradi ulifutwa mwaka 1951. Wanahistoria wa kilimo wameueleza mara nyingi kuwa kisa cha kutojali mvua na udongo, na wana haki kusema hivyo. Hata hivyo ulikuwa pia kisa cha kununua vyuma vichovu kwa kuangalia bei na wingi pekee, bila kuuliza ni nani atakayevitengeneza, kwa spea zipi na umbali gani kutoka bandarini. Maswali hayo matatu ndiyo ambayo fundi wa kawaida wa Afrika Mashariki angeyauliza kwanza.

Ili kuelewa hukumu ya fundi ni lazima kuelewa jinsi injini ya zamani inavyozeeka. Ndani ya silinda, yaani tundu la mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka, ringi za chuma zinazoizunguka pistoni husugua ukuta kwa miaka mingi, na ukuta huo hulika zaidi sehemu ya juu, mahali penye joto kali na oili kidogo, huku ukingo wa juu kabisa ambao ringi haziufikii ukibaki na kipenyo chake cha awali. Fundi akiondoa silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hupitisha ukucha ukutani kutoka chini kwenda juu, na pale ukucha unapogonga ukingo hutambua kina cha ulaji hata kabla ya kuleta kipimo. Kama ulaji ni mdogo, ringi mpya zitatosha. Kama ni mkubwa, silinda itachongwa, maana yake itakerezwa ili iwe pana na ya mviringo kamili tena, kisha itafungwa pistoni kubwa zaidi. Viwanda vilitoa pistoni za ziada kwa saizi zilizohesabiwa kwa sehemu ya elfu ya inchi, kama 20, 40 na 60, na kwa upande wa krenki, ule mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, vilitoa beringi za saizi ya 10, 20 na kuendelea, kwa ajili ya mihimili iliyopunguzwa kwa kukerezwa. Kazi hiyo yote ya kufungua injini, kuchonga, kubadilisha na kuifunga upya huitwa ovaholi.

Kutokana na mpango huo wa saizi, injini ilikuwa na idadi ya maisha inayohesabika. Iliyokwisha kuchongwa hadi saizi ya 60 ilikuwa imefika mwisho wa chuma chake, isipokuwa ikiingizwa silivu, yaani bomba jembamba la chuma linalosukumwa ndani ya silinda na kuirudisha kwenye kipenyo cha mwanzo. Mnunuzi mwenye uzoefu hakuuliza gari limetembea kilomita ngapi, kwa kuwa mita nyingi za zamani zilikuwa na tarakimu tano tu na zilirudi kwenye sifuri baada ya 99,999, na kuirudisha nyuma kwa mkono halikuwa jambo gumu. Aliuliza injini iko saizi gani. Swali hilo lilikuwa na jibu linaloweza kuthibitishwa, kwa sababu saizi ilichapwa juu ya kichwa cha pistoni.

Tofauti za miundo ziliamua pia ni magari gani yangepata uhai wa pili na mahali gani. Injini za Peugeot 404 na 504 zilitumia silinda za kuchomoa, yaani silivu zinazosimama ndani ya maji ya kupozea na kushikiliwa na kingo na gasketi, hivyo fundi aliyeko mbali na mji aliweza kutoa silinda zilizolika na kuweka mpya pamoja na pistoni zake bila kuhitaji mashine ya kukereza. Volkswagen yenye injini ya kupozwa kwa hewa nayo ilikuwa na silinda zilizofungwa mojamoja kwa boliti. Jambo hilo la kiufundi lina uzito mkubwa kuliko sifa za matangazo katika kueleza kwa nini 404, iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1963 na kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, pamoja na 504 iliyozinduliwa mwaka 1968, ziliendelea kubeba abiria wa masafa marefu kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu hata baada ya magari ya rika lao kutoweka. Land Rover iliyozinduliwa mwaka 1948 ilikuwa na faida nyingine: bodi yake ya aloi ya alumini haikushika kutu, na sehemu zake nyingi zilifunguka kwa spana za kawaida. Udhaifu wake ulikuwa chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima, ambayo katika hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga na Unguja ilioza kutoka ndani huku bodi ikiendelea kupendeza nje.

Hapo ndipo ilipotokea kanuni ambayo mafundi wengi huishika, kwamba hukumu huanzia chini ya gari na kuishia kwenye injini. Injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza haina pa kushika kiraka, na gari lenye chesisi iliyopinda baada ya ajali litakula matairi na bushi hadi limwachishe mwenyewe kulitumia. Fundi wa kuaminika hulala chini, hugonga chesisi kwa nyundo ndogo akisikiliza sauti, kwani chuma kizima hulia na kilichooza hujibu kwa mlio uliokufa, kisha hutazama viungo vya springi na sehemu zilizowahi kuchomelewa. Baada ya hapo ndipo injini huwashwa. Kifuniko cha kujazia oili hufunguliwa ili kuona kama moshi unasukumwa nje, dalili kwamba mgandamizo wa silinda unavuja kupita ringi. Ekzosi hutazamwa, kwa kuwa moshi wa buluu huonyesha oili inayoungua na mvuke mweupe usioisha huonyesha gasketi ya silinda hedi iliyoachia. Kijiti cha kupimia oili huchomolewa, na ikiwa oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia. Penye shaka kati ya ringi na valvu, oili kidogo humiminwa kupitia tundu la plagi na mgandamizo kupimwa mara ya pili: ukipanda, kosa liko kwenye ringi na silinda; usipopanda, liko kwenye valvu, ambazo zinaweza kusagwa kwa mkono kwa gharama ndogo. Jaribio hilo dogo limeokoa injini nyingi zisifunguliwe bila sababu, na limewaokoa wenye magari wengi na ovaholi wasizozihitaji.

Ushahidi wa wazi kabisa wa thamani ya hukumu ya namna hiyo ulionekana mwaka 1965, wakati Joginder Singh, fundi na dereva aliyezaliwa Kericho, alipoyashinda mashindano ya Safari pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo PV544 la mtumba, ambalo lilikuwa limekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda chenyewe. Timu zenye fedha zilikuja na magari mapya. Ushindi ulichukuliwa na gari ambalo wenyewe walikuwa wamekwisha kulimaliza, baada ya kufunguliwa na kufungwa upya na mtu aliyejua kila boliti yake.

Nchini Tanzania hukumu ya fundi ilipata uzito wa pekee katika miaka ya 1970 na 1980. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeelekeza rasilimali za taifa katika mahitaji ya wengi, na gari binafsi halikuwa miongoni mwake. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla kuanzia mwaka 1973, na tena mwaka 1979 wakati nchi ikitoka katika vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu kiasi kwamba uagizaji wa magari na spea ulikuwa chini ya ruhusa ya serikali na mashirika yake. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana isipokuwa kwa kibali. Katika hali hiyo ile hesabu ya kulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya gari jingine ilipoteza maana, kwa kuwa gari jingine halikuwapo kwa bei yoyote ambayo mshahara halali ungeifikia. Gari kuukuu halikupungua thamani kwa kuzeeka; likiwa linatembea, lilipanda thamani. Hata lililokufa lilithaminiwa, kwa sababu lilichinjwa, maana yake lilivunjwa vipande ili viungo vyake vizima viingizwe katika magari mengine, na lori moja la Bedford liliweza kuwa na gia boksi ya gari la pili na ekseli ya gari la tatu.

Mashirika ya umma yenyewe yaliishi ndani ya uhaba huo. Usafiri Dar es Salaam, maarufu kwa jina la UDA, na Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, ambayo yote mawili yalitokana na kugawanywa mwaka 1974 kwa kampuni iliyotaifishwa, yalikuwa na mabasi mengi yaliyosimama gereji kwa kukosa spea. Mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wa rika hilo wanayakumbuka, yalitegemea spea za njia moja ya biashara ya nje, tofauti na malori ya Kiingereza ambayo kila mkereza vyuma alikwisha kuyazoea. Utaratibu wa shirika nao ulikuwa na mkono katika tatizo: meneja alipaswa kusubiri spea halisi kwa njia ya ombi na kibali, ilhali fundi wa mtaani aliruhusiwa na dhamiri yake kukata bushi kutoka katika tairi lililochakaa, kutengeneza gasketi kwa karatasi ngumu, kupigilia upya bitana za breki kwa ribiti, na kuchomelea radieta kwa risasi. Mwaka 1983, mabasi ya umma yaliposhindwa kubeba abiria, serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, na daladala za mwanzo zilikuwa kwa sehemu kubwa magari makuukuu yaliyofufuliwa na mafundi hao.

Gereji zilizofanya kazi hiyo zilikuwa nyingi chini ya miembe na miarobaini, pembeni mwa barabara za Gerezani, Ilala, Kariakoo na Magomeni, bila leseni wala ukuta, na lugha ya serikali iliziita gereji bubu. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors kilichochapishwa mwaka 2021, ameonyesha kwamba kazi za mafundi wa Tanzania zilikuwa za kubuni na kuendeleza teknolojia, hoja ambayo inastahili kuungwa mkono bila kusita. Hata hivyo isiwe sababu ya kufumbia macho hatari. Breki zilizopigiliwa upya kwa bitana isiyo ya kiwango na usukani uliochomelewa vilitembea katika barabara zilezile zilizobeba abiria, na kati ya ufundi unaorefusha maisha ya injini na ule unaochezea breki kuna tofauti ambayo mafundi wenyewe waliijua, ingawa si wote walioiheshimu. Injini ikifa, gari husimama. Breki zikifa, ni watu wanaolipa.

Kenya ilikuwa na magari mapya zaidi, na katikati ya miaka ya 1970 ilijenga viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa, lakini bei zake ziliwaacha watu wengi nje. Nairobi ilikuwa na barabara ya Grogan, ambayo baadaye ilipewa jina la Kirinyaga bila jina la zamani kutoka midomoni mwa watu, mahali ambapo spea mpya, za mtumba na za kuchinjwa ziliuzwa bega kwa bega na gereji za jua kali. Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu kubeba abiria kihalali mwaka 1973, magari mengi ya kazi hiyo yalikuwa yale ambayo wamiliki wa kwanza walikwisha kuyaandika kuwa yamekwisha. Mwaka mmoja kabla yake ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuwa umeandika taarifa juu ya Kenya iliyoifanya sekta isiyo rasmi ijulikane duniani, na mtafiti Kenneth King akafuatia kwa kuchunguza jinsi mafundi wa Nairobi walivyofundishana kazi bila shule. Uganda ilipita njia chungu zaidi, kwani kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliziondoa warsha na maduka ya spea kwa wakati mmoja, na mafundi wa Katwe mjini Kampala wakalazimika kushika kazi iliyoachwa bila waliokuwa wakiagiza vifaa vyake.

Mageuzi yalianza Tanzania mwaka 1984, wakati serikali iliporuhusu watu wenye fedha za kigeni zao wenyewe kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka, zikiwamo magari ya kubebea mizigo na spea, na yakaongezeka chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuanzia 1985. Kenya ilifungua uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gari lililoingia kwa wingi lilikuwa la Kijapani, na sababu ya kupatikana kwake kwa bei nafuu inapaswa kutafutwa ndani ya sheria za Japani yenyewe. Sheria ya magari ya barabarani ya mwaka 1951 iliweka ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao gari jipya la abiria huupitia baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, pamoja na kodi na bima zake. Na hadi mwaka 1995 gari lililozidi miaka kumi lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Mjapani mwenye gari zima la miaka saba au minane aliona ni afadhali kuliuza kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, usukani wa magari yake ulikuwa tayari mahali panapohitajika. Hukumu mbili juu ya gari moja zilikutana: Japani ilisema limekwisha, Afrika Mashariki ikasema ndiyo kwanza linaanza, na kila upande ulikuwa sahihi kwa hesabu zake.

Pamoja na magari zilikuja injini kamili na nusu za mbele za magari zilizokatwa, nyingi zikitoka Japani moja kwa moja na nyingine kupitia masoko ya spea ya Dubai na Sharjah, ambako wafanyabiashara wa Kiswahili walijenga njia za kudumu. Jambo hilo lilibadilisha swali lenyewe. Ovaholi, iliyokuwa kilele cha ufundi kwa miaka 40, ilianza kuonekana ghali na ya polepole ikilinganishwa na kununua injini ya mtumba ya Toyota, kuifunga kwa siku moja au mbili, na kuuza ya zamani kama chuma chakavu. Kazi ya mkereza vyuma ilipungua katika magari madogo, ikabaki imara katika malori na mabasi. Hekima ya fundi nayo ilihama: badala ya kujua injini iko saizi gani, alihitaji kujua injini isiyojulikana historia yake, iliyolala sakafuni dukani, ina uzima kiasi gani, na njia zilizobaki zilikuwa kuizungusha kwa mkono, kufungua kifuniko cha valvu na kutazama rangi ya vyuma, maana vilivyopakwa masizi meusi yaliyoganda huonyesha oili iliyocheleweshwa kubadilishwa. Katika kipindi hichohicho ilizuka imani, ambayo mara nyingi ina msingi, kwamba spea ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Japani inazidi ubora spea mpya isiyo halisi. Hivyo mwenye gari alijikuta akichagua kati ya spea kuukuu iliyotengenezwa vizuri na mpya iliyotengenezwa vibaya.

Uhusiano kati ya mwenye gari na fundi haukuwa wa kuaminiana tu. Kwa kuwa fundi wa mtaani hulipwa kwa kazi, si kwa saa, ana sababu ya kupendekeza kazi kubwa. Na kwa kuwa kila kiungo kizima kina soko, mwenye gari ana sababu ya kuogopa kwamba kiungo chake kitatoka na kibovu kuingia. Kutokana na hali hiyo zilijengeka desturi ambazo bado zinaonekana: mwenye gari hununua spea mwenyewe akiongozana na fundi, hudai kurudishiwa kifaa kilichotolewa, na hukaa gerejini hadi gari lifungwe. Mgeni anaweza kuona hapo kupoteza muda, lakini ni njia ya kufanya hukumu iwe ya watu wawili. Fundi anayeonyesha ringi iliyovunjika mbele ya mwenye gari hatumii maneno kushawishi, na jina la fundi katika mtaa hujengwa zaidi na mara ambazo alisema gari lisiguswe kuliko mara ambazo alilifungua.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 gari lenyewe limeanza kuifunga milango ambayo mafundi waliifungua. Injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama GDI ya Mitsubishi iliyotokea mwaka 1996 na D4 ya Toyota iliyofuata, zilihitaji mafuta safi na pampu ya shinikizo kubwa isiyotengenezeka chini ya mwembe, na wamiliki wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wameamua kuzitoa na kuweka injini za VVT-i za kawaida. Baadhi ya injini za alumini zina silivu nyembamba zilizosubiwa pamoja na bloku, na watengenezaji wake hawakutoa pistoni za saizi kubwa, maana yake waliamua tangu mwanzo kwamba injini hiyo haitakuwa na maisha ya pili. Wakereza vyuma hawakukubali uamuzi huo, nao hutoboa bloku hizo na kuingiza silivu za chuma kila wanapopata kipimo kinachoshika. Fundi umeme mwenye kompyuta ya kusomea makosa ya gari amekuwa na sauti sawa na fundi wa injini, na mara nyingine kubwa zaidi, kwa sababu kifaa kidogo cha umeme kisichopatikana kinaweza kulilaza gari ambalo chesisi na injini yake vingedumu miaka 10 zaidi.

Serikali nazo zimeingia katika hukumu hiyo kwa kutumia umri. Kenya, kupitia kiwango chake cha KS 1515 cha mwaka 2000, imekataza kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane. Tanzania imechagua kulitoza gari la zamani ushuru wa ziada badala ya kulifungia mlango. Na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lililozidi miaka 15. Sababu zinazotolewa, za moshi, ajali na kutogeuzwa kuwa jalala la magari ya wengine, ni za kweli. Hata hivyo umri ni kipimo kilichochaguliwa kwa sababu ni rahisi kusomwa kwenye karatasi bandarini, na hautofautishi gari la miaka tisa lililotunzwa na la miaka sita lililopinda chesisi. Sheria hizo zinagusa gari linaloingia. Yale yaliyokwisha kuingia, ambayo ndiyo yanayobeba watu na mazao kila siku, yanaendelea kuamuliwa gerejini, kwa ukucha kwenye ukuta wa silinda na nyundo kwenye chesisi.